Jina la Esposito

Jina la ukoo ni urithi wa mtu kutoka kwa baba zake. Lakini lipo jina moja la Italia ambalo watu wa kwanza kuitwa hawakulirithi kwa baba wala kwa mama. Jina hilo ni Esposito. Asili yake ni neno la Kilatini, expositus, maana yake “aliyewekwa nje”.

Katika mji wa Naples palikuwa na nyumba ya kulelea watoto, iliyoitwa Annunziata. Ukutani mwake palikuwa na tundu lenye chombo cha mbao kilichozunguka mfano wa gurudumu. Mama aliyeshindwa na ufukara, au aliyeogopa fedheha, alimweka mtoto humo, akakizungusha chombo, akaenda zake. Nao waliokuwa ndani walimpokea mtoto pasipo kuuona uso wa mama. Wengi wa watoto hao waliandikwa daftarini kwa jina la Esposito.

Basi fikiri, msomaji: kila mtoto huyo alipotajwa, watu walijua kwamba aliachwa. Mapema katika karne ya 19, enzi ya mfalme Joachim Murat, serikali ilikataza watoto wapya wasipewe jina hilo. Gurudumu lenyewe lilifungwa mwaka 1875.

Hata hivyo, wengi waliokuwa nalo hawakulitupa. Walioa na kuolewa, wakazaa, wakafanya kazi. Na leo Esposito ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana mjini Naples. Usimpime mtu kwa jina alilopewa. Heshima ya jina hutengenezwa na wenye kulichukua.