Joan Wicken, Msaidizi wa Mwalimu kwa Miaka 34

Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mwezi mmoja kabla, walowezi wa Rhodesia, koloni la Uingereza, chini ya Ian Smith walikuwa wamejitangazia uhuru, na serikali ya London haikuwaondoa. Uamuzi huo uliikosesha Tanzania mkopo wa pauni milioni 7.5. Wakati Rais, Mwalimu Julius Nyerere, akiieleza dunia sababu za hatua hiyo, msaidizi wake binafsi Ikulu alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Joan Wicken. Hakufungasha virago. Aliendelea na kazi.

Wicken alizaliwa mwaka 1925, akasoma Oxford, kisha akakitumikia chama cha Labour. Alifahamiana na Nyerere katika miaka ya 1950, chama chake cha TANU kilipokuwa kikidai uhuru, na mwaka 1957 akafika Tanganyika. Kilichomvuta kwanza ni elimu ya watu wazima. Alihangaikia fedha na maandalizi ya Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa 1961 kwa kufuata mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, kinachowapokea wafanyakazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma wakiwa vijana. Chuo hicho kipo hadi leo Kigamboni, ng'ambo ya Feri, kikiitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Kazi ya usaidizi aliianza 1960. Alifanya utafiti, aliandaa rasimu za hotuba na barua za Kiingereza, akajadiliana na bosi wake kuhusu hoja zenyewe. Mawaziri waliingia na kutoka. Yeye alibaki mezani pake.

Mfano mzuri wa uzito wa kazi ya maandishi ni Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya Ujamaa. Halmashauri Kuu ya TANU ililijadili Januari 1967, na Februari 5 likatangazwa. Lilijadiliwa na kuchapishwa kwa Kiswahili kwanza. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwanzoni ilikuwa na sehemu zenye utata, hivyo ikarekebishwa kabla ya kuingia katika kitabu Uhuru na Ujamaa cha mwaka 1968. Kwa nchi iliyokuwa imetaifisha mabenki na kuwakataza viongozi wake kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili, sentensi moja yenye utata ingeweza kuwapa wapinzani wa nje silaha ya bure.

Ukaribu wake na Rais ulizua maneno. Wapo walioamini kwamba Ujamaa ulipikwa na Mwingereza huyu. Kumbukumbu zinapinga dhana hiyo. Mwaka 1958, kabla Wicken hajaanza kazi kwake, Nyerere alikwisha kuandika kijitabu Mali ya Taifa, akikataa ardhi kugeuzwa bidhaa ya mtu binafsi. Fikra zilikuwa za Mwalimu. Wicken alizipekua, akazipanga na kuzisimamia mpaka zikawafikia wasomaji wa mbali zikiwa hazina mwanya. Kumwita mwanzilishi wa Ujamaa ni kumnyima Nyerere haki yake, na kumwita karani tu ni kumdhulumu Wicken.

Nyerere alipoondoka Ikulu mwaka 1985, Wicken hakutafuta mwajiri mwingine. Alimsaidia pia katika Tume ya Kusini, iliyotoa ripoti yake 1990 kuhusu maendeleo ya nchi maskini. Alistaafu 1994 na kurudi Uingereza, ambako alifariki dunia mwaka 2004, miaka mitano baada ya Mwalimu.

Hakuchapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, ingawa wachapishaji wangekigombania. Hotuba alizozifanyia kazi zimo katika Uhuru na Umoja, Uhuru na Ujamaa na Uhuru na Maendeleo, vitabu ambavyo wanafunzi wa siasa za Afrika bado wanavifungua. Majalada yote matatu yana jina la Nyerere peke yake. Wanaoifundisha historia ya Ikulu wanapaswa kulitaja na la Wicken.