Mkaza Mwana wa Kiyahudi katika Nasaba ya Sayyid Majid

Sisi tuliokulia Temeke na Kinondoni tulifundishwa kwamba Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, ndiye aliyeanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, wakati huku kwetu kukiwa mashamba na vijiji vya Wazaramo. Boma la Kale la zama zake bado limesimama karibu na bandari. Hatukufundishwa kwamba mpwa wake, mtoto wa dada yake, alioa binti wa asili ya Kiyahudi. Naamini ndoa ile ni haki yake kutajwa kila inaposimuliwa asili ya jiji letu.

Dada huyo ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, na mwaka 1859 ndugu yao Barghash alipotaka kumpindua Majid, Salme ndiye aliyekuwa akiandika barua za waasi. Miaka michache baadaye akapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Agosti 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, tarehe 30 Mei 1867. Majid, ambaye dada yake alikwisha kumsaliti mara moja, hakumdhuru Ruete. Alimwacha akae Unguja hadi amalize shughuli zake. Huruma hiyo ya kaka hatuisimulii vya kutosha.

Mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia Salme watoto watatu wadogo. Mmoja wao, Rudolph Said, alimwoa Therese Matthias mjini Berlin mwaka 1901. Therese alikuwa jamaa wa ukoo wa Mond, ukoo wa Wayahudi wa Ujerumani. Ludwig Mond, mkemia kutoka Kassel, alijenga viwanda vikubwa Uingereza, na mwanawe Alfred akawa mtetezi mashuhuri wa Uzayuni. Basi wana wa Rudolph wakarithi asili ya Oman, ya Hamburg na ya Wayahudi wa Ujerumani.

Pwani yetu nasaba hutajwa harusini na msibani, kwa fahari. Sheria za Nuremberg za Wanazi wa Ujerumani, za mwaka 1935, nazo zilihesabu mababu na mabibi, ila ziliwahesabu ili kumvua mtu uraia. Kabla ya sheria hizo Rudolph alikwisha kuukana uraia wa Ujerumani, akawa raia wa Uingereza. Mtu huyu alitetea maelewano baina ya Waarabu na Wayahudi wa Palestina, jambo lililohusu damu ya wanawe mwenyewe, na mwaka 1929 alichapisha London kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said. Nyaraka za mama yake alizipeleka Leiden, Uholanzi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayetafuta mada ya tasnifu aanzie huko, na jina la Therese aliandike katika nasaba pamoja na la Majid.