Safari ya matumbawe Mafia wakati wa masika: Mambo ya kuzingatia

KWA wasafiri wengi, neno masika hufunga mjadala. Kati ya Machi na Mei mvua hunyesha kwa wingi katika ukanda wa pwani ya Tanzania, baadhi ya hoteli za visiwani hufunga milango yake, na zile zinazobaki wazi hupunguza bei. Wapo wanaoahirisha safari mara moja, na wapo wanaovutwa na unafuu huo bila kujiuliza kwa nini umetolewa.

Makundi yote mawili hukosea kwa namna moja: huitazama mvua, yakausahau upepo. Mvua humlowesha msafiri, lakini upepo ndio unaoamua iwapo chombo kitaondoka na iwapo mgeni atarudi nyumbani siku aliyokusudia. Anayepanga safari yake kwa kuufuata upepo, maji na mwezi anaweza kwenda Mafia wakati wa masika na kurudi ameridhika.

Kisiwa cha Mafia kipo kusini mwa Dar es Salaam, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Sehemu yake ya kusini na mashariki, pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 822. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na matumbawe yake ndiyo yanayowavuta wageni wengi.

Tanga mbili

Wavuvi na manahodha wa pwani huugawa mwaka kwa pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na kusi hushika zamu baada ya hapo hadi Septemba. Katikati ya zamu hizo huja maleleji, majira ambayo wengine huyaita tanga mbili, kwa kuwa upepo hauna mwelekeo wa kudumu.

Masika huangukia katika mabadiliko hayo. Mwezi Machi, kaskazi inapolegea, bahari huweza kutulia kabisa kati ya mvua moja na nyingine. Kadiri Aprili inavyosonga kuelekea Mei, kusi hupata nguvu na mawimbi huongezeka. Kwa sababu hiyo, wiki mbili za mwanzo wa masika na wiki mbili za mwisho wake haziwezi kupangwa kwa namna moja, ingawa zote huitwa msimu wa mvua.

Historia ya ajali za baharini nchini inaonya dhidi ya kuiogopa mvua peke yake. Mv Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza abiria kupita kiasi. Mv Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Kisiwa cha Chumbe Julai 18, 2012, wakati upepo ukivuma kwa nguvu. Ajali zote mbili, zilizoondoa maisha ya watu wengi, zilitokea nje ya masika, katika miezi ya kusi.

Vimbunga vya mwisho wa msimu

Vimbunga vya kitropiki havifiki mara kwa mara katika pwani ya Tanzania, kwa kuwa nchi ipo karibu na ikweta. Hata hivyo, vilivyofika au kukaribia vimekuwa na tabia ya kuja masika yakiwa yamekolea. Kimbunga kilichoiharibu Zanzibar na mikarafuu yake kilipiga Aprili 15, 1872. Kingine kilipiga Lindi Aprili 15, 1952. Kimbunga Jobo kilisogea kuelekea pwani mwishoni mwa Aprili 2021, kabla ya kudhoofika.

Wageni wa Mafia wanapaswa kukikumbuka zaidi Kimbunga Hidaya. Mapema Mei 2024 kilikaribia pwani kikiwa na upepo mkali, usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasitishwa, na Mei 4 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kuwa kimepoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu katika Kisiwa cha Mafia. Mvua zake ziliharibu barabara ya kwenda Lindi na kuwakwamisha wasafiri.

TMA hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, pamoja na taarifa za tahadhari pale hali inapotarajiwa kuchafuka. Msafiri hana budi kuzifuatilia tangu siku kadhaa kabla ya kuondoka, na tena kila asubuhi awapo kisiwani. Jua la saa mbili asubuhi si ushahidi kwamba bahari itakuwa shwari saa nane mchana.

Rufiji na rangi ya maji

Swali la pili baada ya usalama ni iwapo mtu ataona chochote akiwa ndani ya maji. Hapa jibu limo katika Mto Rufiji. Mvua za bara huujaza mto huo, nao humwaga udongo baharini kupitia delta iliyo magharibi ya Mafia. Maji ya upande huo, ukiwamo mji wa Kilindoni, huweza kuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa siku nyingi.

Upande wa mashariki hupokea maji ya bahari kuu. Ghuba ya Chole, iliyo mkabala na kijiji cha Utende, huingiziwa maji hayo kupitia Mlango wa Kinasi kila bahari inapojaa. Ndiyo maana waongozaji wenye uzoefu huwapeleka wageni majini wakati wa maji kujaa, yanapoleta weupe kutoka nje, badala ya wakati wa kupwa, yanapotoka na tope la ghubani.

Msafiri wa masika, kwa hiyo, anashauriwa kulala upande wa Utende au Chole, ambako matumbawe ya ndani ya ghuba huweza kufikiwa hata siku ambazo miamba ya nje haifikiki kwa sababu ya mawimbi.

Kuusoma mwezi

Tofauti kati ya maji kupwa na kujaa katika pwani hii huzidi meta tatu wakati wa bamvu, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo mkondo katika Mlango wa Kinasi huwa mkali, na maji huvurugwa zaidi. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapoonekana nusu, huja maji mafu, ambayo mkondo wake ni mpole.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza, au familia yenye watoto, siku za maji mafu ndizo za kuchagua. Aidha, nyakati za kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Hivyo safari iliyoondoka saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu haiwezi kupangwa kwa saa hiyo hiyo siku ya Ijumaa. Kalenda inayoonyesha mwezi ni chombo cha lazima kabla ya kulipia chumba.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana kwa urahisi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya kutoa sauti vilivyofungwa kwenye papa hao, ulionyesha kuwa wengi wao hawaihami Mafia nje ya msimu, bali husogea mbali na ufuo na kwenda kina kirefu zaidi. Kwa msafiri maana yake ni kwamba hapaswi kulipia safari ya papa potwe mwezi Mei kwa matumaini makubwa.

Kwa upande mwingine, masika ni miongoni mwa majira ambayo kasa wa kijani hutaga katika fukwe za Kisiwa cha Juani. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa.

Yapo pia mambo ya kusikitisha. Joto la bahari hufikia kilele karibu na Machi na Aprili. Likizidi kiwango chake cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu kwa wiki kadhaa, matumbawe hupoteza vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani yake na kuyapa chakula na rangi, yakabaki meupe. Hali hiyo iliua matumbawe mengi ya Mafia mwaka 1998. Tumbawe jeupe huenda bado li hai na laweza kupona, hivyo mgeni hatakiwi kulikanyaga wala kulishika.

Njia ya kufika

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutumia takriban nusu saa hadi dakika 40 kufika Kilindoni. Wanaopita majini huchepuka Bungu, katika barabara ya Kilwa, na kuelekea bandari ya Nyamisati, mkoani Pwani, kisha huvuka hadi Kilindoni. Wakati wa masika ni busara kuuliza kwanza hali ya kipande hicho cha barabara, na kuthibitisha siku moja kabla kwamba chombo kinaondoka.

Kwenye chombo chochote, abiria ahakikishe jina lake limeandikwa katika orodha, apewe jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, na akishuke chombo kilichojaza kupita kiasi hata kama nauli imeshalipwa. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini.

Wanaozamia kwa mtungi wa hewa wana hesabu nyingine. Aliyezamia zaidi ya mara moja anashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Siku ya mwisho, basi, iwe ya kutembea katika magofu ya Kua, Juani, au kupumzika. Chandarua na dawa ya kufukuza mbu visisahaulike, kwani mvua huongeza mazalia ya mbu.

Siku za akiba

Bei ya masika huonekana ndogo kwa sababu haijumuishi siku za kukwama. Msafiri makini hutenga angalau siku mbili za akiba, moja kabla ya shughuli ya majini na moja kabla ya siku anayotakiwa kurudi kazini, pamoja na fedha za chumba, chakula na ada ya hifadhi kwa siku hizo. Kabla ya kulipa, aulize kwa maandishi: safari ikiahirishwa kwa sababu ya bahari, fedha zitarudishwa, zitahamishiwa tarehe nyingine, au zitapotea?

Siku hizo za akiba zina faida kubwa kuliko starehe ya mgeni. Masika ni miezi ya ukata kwa waongozaji na manahodha wa Utende na Chole, na huenda wiki nzima ikapita bila wateja. Mgeni mwenye siku moja tu, anayesisitiza kwamba ameshalipa na kesho anaondoka, humweka nahodha katika jaribu zito kati ya riziki ya nyumba yake na anachokiona mawinguni. Mgeni mwenye siku ya ziada humwezesha nahodha kusema "leo hapana" bila kuogopa kupoteza malipo.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika bahari ya masika, aliyejiandaa kungoja ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuyaona matumbawe, na ya kurudi kuyasimulia.