Njia ya Gehlaur

Kijiji cha Gehlaur, wilayani Gaya katika jimbo la Bihar nchini India, kilikuwa na watu lakini hakikuwa na barabara. Mlima uliwatenga na Wazirganj, kwenye soko na huduma za tiba; kuuzunguka kulimaanisha safari ya kilomita 55 hivi.

Mwaka 1959 Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii fukara ya Musahar, alifiwa na mkewe, tiba ikiwa mbali ng'ambo ya mlima huo. Akauza mbuzi wake, akanunua nyundo na tindo, na mwaka 1960 akaanza kuupasua mwamba. Wanakijiji wakamwita mwendawazimu.

Alimaliza mwaka 1982: njia ya mita 110, upana mita 9. Safari ikapungua hadi kilomita 15. Na serikali? Ilimzika kwa heshima zote mwaka 2007. Lami ilifuata baadaye.