Amani ya Malaika na Amani ya Kaisari

Somo: Luka 2:1-20

 

Majira ya Krismasi yafikapo, neno moja twalisikia kuliko mengine yote, nalo ni neno "amani". Twalisoma kwenye kadi, twaisikia kwaya ikiliimba, na hata mtu asiyeingia kanisani mwaka mzima hulitia katika salamu zake. Neno hilo tumelipata katika wimbo wa malaika waliowatokea wachungaji wa kondoo karibu na Bethlehemu. Walakini neno likitumika sana huchakaa, kama sarafu ya zamani ambayo maandishi yake yamefutika. Kwa hiyo leo nataka tuulize swali moja: Malaika walipotangaza amani, walitangaza amani ya namna gani? Maana usiku ule haikuwa mara ya kwanza kwa dunia kutangaziwa amani.

Hebu tutazame jinsi Luka alivyoipanga habari yake. Hakuanza na wachungaji kondeni. Alianza na mtawala na amri yake. Alituambia kwanza juu ya Kaisari Augusto aliyeagiza watu waandikwe, ndipo akatupeleka Bethlehemu. Luka alitaka tumwone Kaisari kwanza, kisha tumwone Mtoto.

Augusto alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 63 K.K., na jina lake la kwanza lilikuwa Octavius. Julius Kaisari, ndugu wa bibi yake, alimfanya kuwa mwana wake kwa wosia. Julius aliuawa mwaka 44 K.K., na miaka miwili baadaye Seneti ya Roma ikamhesabu marehemu huyo kuwa mmoja wa miungu. Basi yule kijana akaanza kuitwa mwana wa mungu. Warumi walipigana wenyewe kwa wenyewe miaka mingi, hata mwaka 31 K.K. alipowashinda Antonius na Kleopatra katika vita vya baharini huko Actium, pwani ya Uyunani. Mwaka 27 K.K. akapewa jina la Augusto, maana yake mtu wa kuheshimiwa sana.

Baada ya vita hivyo watu walichoka, nao wakamshukuru. Huko Roma kulikuwa na hekalu la mungu wao Janus, ambalo milango yake iliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Augusto mwenyewe aliandika kwamba tangu mji kuanzishwa milango hiyo ilifungwa mara mbili tu kabla yake, lakini katika siku zake Seneti iliamuru ifungwe mara tatu. Tena mwaka 9 K.K. Warumi walizindua madhabahu ya mawe meupe kwa heshima ya amani aliyoileta. Madhabahu hiyo yaonekana Roma hata leo.

Mwaka huohuo wa 9 K.K., miji ya jimbo la Asia, ambalo leo ni sehemu ya nchi ya Uturuki, ilipatana kwamba mwaka wao uanze siku ya kuzaliwa kwa Augusto, yaani tarehe 23 Septemba. Maneno ya patano hilo yalichorwa katika mawe. Mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu Wajerumani waliochimbua mji wa kale wa Priene waliyapata mawe hayo. Humo Augusto anaitwa mwokozi aliyekomesha vita, na kuzaliwa kwake kunahesabiwa kuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Tafadhali, msikilizaji, yashike maneno hayo: kuzaliwa, mwokozi, amani, habari njema. Yalikuwa yamechorwa katika jiwe miaka michache kabla malaika hawajayatamka kule Bethlehemu.

Sitaki kumnyima Kaisari haki yake. Amani yake ilikuwa na faida. Wanyang'anyi wa baharini walipunguzwa, barabara zikawa salama zaidi, na baadaye Mtume Paulo alisafiri kwa barabara hizohizo akihubiri Injili. Lakini amani ile ilikuwa na gharama, na waliolipa gharama hawakuwa wale waliojenga madhabahu. Herode Mkuu alipokufa mwaka 4 K.K., Wayahudi wengi waliasi. Varo, liwali wa Kirumi aliyekuwa Shamu, akaja na majeshi yake. Mwanahistoria Josephus aliandika kwamba Varo aliwasulubisha watu wapatao 2,000. Mji wa Sepphoris ukachomwa moto, na wenyeji wake wakauzwa utumwani. Sepphoris ulikuwa karibu kilomita 6 tu kutoka Nazareti. Basi Yesu alilelewa katika kijiji ambacho wazee wake waliukumbuka moshi wa amani ya Kaisari.

Hata ile kazi ya kuandika watu haikuwa jambo dogo. Watawala waliwahesabu watu ili wawatoze kodi. Watu walipoandikwa chini ya Kirenio mwaka 6 B.K., Yuda Mgalilaya aliasi, kama Matendo ya Mitume 5:37 inavyotaja. Wataalamu wangali wanajadiliana jinsi hesabu hiyo inavyohusiana na ile ya Luka sura ya 2, na mjadala huo hatutaumaliza leo. Lakini maana ya kuandikwa kila mtu aliielewa: jina lako limo katika kitabu cha Kaisari, nawe ni mali yake.

Sasa twende kondeni. Ni usiku. Wachungaji wanalinda kundi kwa zamu. Hawa si wazee wa baraza, wala si matajiri, na mtawala mwenye tangazo kubwa hangeanza nao. Malaika wa Bwana akaanza nao. Akawaambia wasiogope, kwa kuwa amewaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote. Amezaliwa Mwokozi, naye ni Kristo Bwana, katika mji wa Daudi.

Je, malaika alikuwa ameazima maneno ya Kaisari? La hasha. Maneno hayo yalikuwa ya manabii kabla Roma haijawa na Kaisari yeyote. Isaya 52:7 inasema juu ya miguu ya mjumbe aletaye habari njema, mwenye kutangaza amani. Nabii Mika alitabiri mtawala atakayetoka Bethlehemu, atakayelisha kundi, ambaye yeye mwenyewe atakuwa amani. Wapambe wa Kaisari walikuwa wameyavika maneno makubwa mtu asiyeweza kuyabeba. Usiku ule Mungu aliyarudisha kwa mwenyewe.

Tena tazameni ishara waliyopewa. Ishara ya Kaisari ilikuwa madhabahu ya mawe meupe na sanamu yake juu ya sarafu. Ishara ya malaika ilikuwa mtoto mchanga, amevikwa nguo za kitoto, amelazwa katika hori la ng'ombe. Mchungaji wa kondoo anaogopa kuingia katika jumba la mfalme, lakini penye hori la kulishia mifugo haogopi, maana ndipo pake. Mungu alichagua mahali ambapo watu wale wangeweza kufika bila kuomba ruhusa.

Kisha lilitokea jambo ambalo mara nyingi twalipita haraka. Luka anasema kwamba pamoja na malaika yule walikuwako wengi wa jeshi la mbinguni. Neno alilotumia katika Kiyunani ni neno la askari. Watu wa nchi ile walijua jeshi likija usiku maana yake nini. Lakini jeshi hili halikuja kuchoma mji. Lilikuja kuimba, likaondoka, wala hakuna aliyeumizwa.

Waliimba nini? Kwanza waliimba utukufu kwa Mungu aliye juu, ndipo wakaimba amani duniani. Utaratibu huo una maana. Kaisari alitangaza amani ili yeye atukuzwe. Malaika walimpa Mungu utukufu kwanza, kwa sababu mahali mwanadamu anapougombea utukufu huo, amani haikai.

Neno la mwisho la wimbo ule limeleta mjadala mrefu. Wale waliosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walisikia habari ya amani duniani na nia njema kwa wanadamu. Lakini katika nakala mbili za Kiyunani za karne ya 4, moja iliyotunzwa Vatikano na nyingine iliyotoka katika monasteri ya Mlima Sinai, mwandishi wa kwanza alitia herufi moja zaidi mwishoni mwa neno hilo. Kwa herufi hiyo maana yake ni amani kwa watu ambao Mungu amewaridhia. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1881 ilifuata maana hiyo, na Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikafanya vivyo hivyo. Tena, katika hati za kale zilizoanza kupatikana mwaka 1947 kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mna nyimbo za Kiebrania zinazotumia usemi kama huo, zikiwataja wana wa ridhaa ya Mungu.

Kwa nini nawachosheni na herufi moja? Kwa sababu watu wengi hudhani kwamba amani ni mshahara wa wenye nia njema. Kama ni hivyo, mimi mwenyewe sina fungu. Lakini lugha yetu yatusaidia hapa. Neno kuridhia na neno radhi ni ndugu. Wahenga walisema, radhi ni bora kuliko mali. Mtoto anajua tofauti ya kukaa nyumbani akiwa na radhi ya wazazi wake na kukaa humo bila radhi. Anaweza kuwa na chakula na kitanda, lakini akikosa radhi hana raha. Malaika walisema kwamba Mungu amewapa watu radhi yake, watu ambao hawakuistahili. Na katika sura inayofuata, Yesu alipobatizwa, Luka anatumia neno la asili hiyohiyo: Baba amependezwa na Mwanawe. Radhi ile i juu ya Mwana, nasi twaipata kwa kuwa ndani yake.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili linanigusa. Naikumbuka Krismasi ya mwaka 2007. Nilikuwa kijana katika kwaya. Sisi Waanglikana, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, wimbo wenye kuanza na maneno ya malaika umewekwa mwisho wa ibada ya Ushirika Mtakatifu, yaani tukiisha kula mezani pa Bwana twatoka nje na maneno hayo vinywani. Jumanne ile tuliimba vizuri. Alhamisi tukapiga kura. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na nchi yetu ikawaka. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani huko Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Kufikia mwisho wa Februari zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa nchini.

Mtaani kwetu hakuna aliyeuawa. Lakini palikuwa na jamaa moja iliyotishwa na majirani kwa sababu ya kabila lao. Binti yao alikuwa akiimba karibu nami kwayani. Habari za vitisho nilizisikia. Sikwenda kubisha mlango wao, wala sikuwakemea waliowatisha. Nilinyamaza nikisema moyoni mwangu kwamba natunza amani. Wakahama usiku bila kuaga. Jumapili iliyofuata mtaa ulikuwa kimya, na tukamshukuru Mungu kwa ukimya huo. Miaka mingi baadaye, niliposoma katika chuo cha theolojia juu ya amani ya Kaisari, niliitambua. Nilikuwa nimeishi ndani yake nikidhani ni ile ya malaika.

Ndugu yangu, amani ya Kaisari hutosheka watu wakinyamaza. Lakini wachungaji wale walipoisikia amani ya mbinguni hawakukaa kimya. Luka asema walikwenda kwa haraka, wakamwona Mtoto, wakawaeleza watu waliyoambiwa. Aliyepata radhi ya Mungu hana haja ya kutafuta radhi ya majirani kwa kunyamazia uovu. Leo nami naitwa mchungaji, na kila nisomapo habari ya wachungaji wale walioinuka usiku wakaenda, naukumbuka mlango ambao sikuubisha.

Labda nawe uko mlango unaoujua. Labda ni wa ndugu mliyegombana kwa shamba, au wa jirani wa kabila jingine, au wa mtu uliyemwona akionewa ukageuka upande. Usingoje kwanza uwe mtu mwema ndipo uende. Mungu amekwisha kukuridhia katika Kristo. Inuka uende ukabishe.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyewatuma malaika kwa watu waliokuwa macho usiku, tusamehe kwa kuuita ukimya wetu amani. Tupe radhi yako katika Mwanao, na miguu ya kwenda upesi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.