Mtambo Hausiti

Ukitaja roboti wa vita watu hucheka, wakidhani ni mambo ya sinema. La hasha! Kumwachia mtambo aamue nani adui kuna historia tayari, na historia hiyo ina makaburi. Nina visa viwili.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha siri karibu na Moscow. Mara king'ora kikalia: setilaiti za Umoja wa Kisovieti zimeona kombora likirushwa kutoka Marekani. Punde yakaonekana mengine manne. Hebu jiweke mahali pake! Petrov akajiuliza swali ambalo mtambo haukujiuliza: hivi anayeanzisha vita vya nyuklia huanza na makombora matano tu? Akawaambia wakubwa wake ni hitilafu. Naam, ilikuwa miale ya jua mawinguni. Dunia ikaamka, ikanywa chai yake.

Miaka 20 baadaye, katika vita vya Iraki, mambo yakaenda kombo. Tarehe 23 Machi 2003 ndege ya Uingereza aina ya Tornado ilikuwa ikirejea kambini Kuwait. Mtambo wa Kimarekani uitwao Patriot ukaitambua kuwa ni kombora la adui. Askari waliokuwa nao walikuwa na kama dakika moja tu ya kuamua. Wakauamini, wakafyatua. Wanajeshi wawili wakafa. Tarehe 2 Aprili Patriot ikaangusha ndege ya Wamarekani wenyewe, na rubani akafa.

Wapo wasemao binadamu naye hukosea, tena huua kwa hasira. Kweli kabisa. Lakini askari hushitakiwa. Roboti utamfunga jela gani? Kamanda atamsukumia fundi, fundi atausukumia mtambo. Na serikali inayopeleka vyuma badala ya vijana haiogopi kilio cha akina mama wa kwao, basi vita vitakuwa jambo jepesi.

Mimi ninayeota kuandika riwaya naona tofauti ya visa hivi haikuwa kuwapo kwa mtu. Mtu alikuwapo kote. Ila Petrov alisita, wale wengine hawakupewa nafasi ya kusita. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba eti yupo binadamu pale kwenye kitufe. Tuulize: amepewa muda gani wa kusema hapana?