Juha Kalulu: Mjinga Mwenye Jina la Mjanja

Msafiri aondokaye Kyela kwa meli, akafuata ufuo wa Ziwa Nyasa hadi Mbamba Bay, hutoka katika nchi ya Kinyakyusa, akapita kwa Wakisi, na mwisho hufika kwa wasemao Kinyanja. Kwa Wanyanja hao, sungura wa ngano huitwa kalulu. Nao Watumbuka wa ng'ambo humwita vivyo hivyo. Ndiye mnyama mdogo awashindaye fisi na simba kwa akili tu.

Ni ajabu basi kwamba jina lilo hilo alipewa mjinga mashuhuri wa magazeti ya Kiswahili. Edward Gitau, mchoraji wa Kenya, alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950. Gazeti la Taifa Leo, lililoanza mwaka 1960, lilimchapisha kwa miongo mingi, hata wasomaji waliojifunza kusoma kwa picha zake wakaja kuwasomea watoto wao. Katika picha hizo Kalulu si mnyama, bali ni mtu wa kawaida ambaye ujinga wake humtia mashakani.

Yafaa kulitazama jina hilo kwa makini. Sehemu yake ya kwanza yatokana na Juha wa hadithi za Kiarabu, mpumbavu ambaye mara nyingine upumbavu wake huwaumbua wenye akili. Sehemu ya pili ni ya mjanja. Lakini mjanja huyo naye, katika ngano, hushindwa na kobe. Kumbe mjinga na mjanja ni majirani, na ukuta ulio kati yao ni mwembamba. Gitau aliwakutanisha katika mtu mmoja.

Kwa hiyo si haki kuzihesabu katuni kuwa mchezo wa kigeni tu uliokuja pamoja na mitambo ya kupiga chapa. Umbo la visanduku ni geni. Kicheko ni cha wenyeji. Ndivyo ilivyokuwa Tanzania pia, Christian Gregory alipomleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwaka 1967. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekusanya ngano za ufuoni, kisha akayapita magazeti ya zamani bila kuyafungua, ameisikia hadithi nusu. Nusu ya pili ilichorwa kwa wino, ikauzwa kwa senti, na kesho yake ikafungiwa vitumbua.